Cataracte: maji yanayoanguka, au mtoto wa jicho?



Leo tuzungumze juu ya neno moja tu: cataracte. Wengi wetu tulilisikia mara ya kwanza mu somo la jografia, si la biolojia. Mwalimu aliandika ubaoni "les cataractes du fleuve Congo", tukanakili, tukakariri, tukajibu kwenye mtihani. Cataracte ni maporomoko ya maji. Ukijua hivyo unapata pointi zako, imeisha.

Miaka michache baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nilimsindikiza koko wangu, mama mzaa baba, kwa munganga wa macho. Koko alikuwa mkulima wa maharagi na viazi kwenye vilima vya Masisi. Karibu mwaka mzima alikuwa analalamika: "Mjukuu, naona moshi. Hata asubuhi bado hawajawasha moto, mimi naona moshi." Munganga alimmulika macho kwa taa ndogo, akaandika karatasi, akatuambia turudi kwa ajili ya kupasuliwa. Watu kwenye foleni walikuwa wengi, hakupata muda wa kueleza. Kwenye ile karatasi niliweza kusoma maneno mawili tu: "cataracte mûre".

Koko akaniuliza: "Wewe njo umesoma. Wameandika nini?"

Nikamjibu kwa kujiamini, kama mtu aliyefaulu jografia: "Koko, wanasema ni maporomoko ya maji. Na imeiva."

Akatikisa kichwa. "Nilijua. Ni maji iliingia mu jicho. Na kama imeiva, itaanguka yenyewe. Kitu cha kuiva hakiombi kisu."

Tukapanda gari, tukarudi nyumbani. Mwisho wa safari ile nitawaeleza hapo chini. Kwanza tuangalie neno lenyewe, kwa sababu nilichomwambia koko hakikuwa uongo. Kamusi ingenipa haki. Njo tatizo lenyewe hilo.

1. Neno lilianzia mtoni

Cataracte ni neno la Kigiriki cha zamani. Wagiriki walisema katarraktes, maana yake kitu kinachoshuka kwa nguvu na haraka. Walilitumia kwa mto unaoanguka kwenye mawe. Walilitumia pia kwa lile lango zito la ngome ambalo halifunguki kama mlango wa kawaida, bali linaning'inizwa juu na kuachiwa lishuke, adui asiingie. Walatini wakalichukua wakasema cataracta, na Kifaransa kikalipokea kutoka kwa Kilatini.

Kwetu Kongo neno hili liko hadi kwenye ramani. Magharibi mwa nchi, mu Kongo Central, kuna eneo linaloitwa Cataractes, kwa sababu ya maporomoko ya mto Kongo kati ya Kinshasa na Matadi. Na hatuko mbali na maji yale jinsi tunavyodhani. Mvua inayonyesha upande wa magharibi wa Masisi inashuka Walikale, inaingia mto Oso na mto Lowa, Lowa inamwaga kwenye Lualaba, Lualaba inapita maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, inakuwa mto Kongo, inafika Kinshasa, halafu inaanguka kwenye zile cataractes za mwalimu wetu wa jografia. Maji ya kwetu yanajua vizuri neno hilo.

Sasa swali: maporomoko ya mto yalifikaje ndani ya jicho la bibi mwenye miaka sabini?

2. Waganga wa zamani walidhani maji yanashuka kutoka kichwani

Tuwaelewe watu wa kale, maana hawakuwa wajinga. Waliona mzee ambaye mboni yake, ile duara nyeusi katikati ya jicho, inageuka kidogo kidogo kuwa ya kijivu, kisha nyeupe kama maziwa. Hana maumivu. Jicho halijavimba. Lakini haoni. Walijiuliza: kitu hiki cheupe kimetoka wapi?

Galen, munganga mkubwa wa karne ya 2 aliyezaliwa Pergamo na kufanya kazi Roma, alifundisha kwamba ndani ya jicho kuna kitu kinachong'aa kama barafu, na kwamba chenyewe njo chombo kikuu cha kuona. Kifaransa bado kinakiita cristallin, kutokana na neno la Kigiriki la barafu. Siku hizi kwa Kiswahili tunakiita lenzi ya jicho. Kama lenzi ndiyo inayoona, walifikiri, basi ikiharibika mtu ni kipofu milele, hakuna dawa. Lakini walijua kwamba wagonjwa hawa wanaweza kusaidiwa: fundi akiingiza sindano kwenye jicho na kusukuma kile kitu cheupe chini, mgonjwa anaona mwanga tena. Kwa hiyo wakasema: kile cheupe hakiwezi kuwa lenzi. Lazima ni uchafu wa majimaji uliotoka kwenye ubongo, ukashuka, ukaganda mbele ya lenzi kama pazia.

Hesabu yao ilikuwa sawa, lakini msingi ulikuwa mbovu. Wagiriki wakauita ugonjwa huo kwa jina lenye maana ya kumwagikia chini. Waganga walioandika kwa Kiarabu, ambao kwa karne nyingi walikuwa mbele ya wote mu elimu ya macho, wakasema ni maji yanayoshuka. Katika karne ya 11, Constantinus Africanus, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyekwenda kuishi kama mtawa huko Monte Cassino, Italia, alitafsiri vitabu vya uganga vya Kiarabu kwa Kilatini. Yeye njo anayetajwa kama mtu aliyeweka neno cataracta kwa ugonjwa huu. Wako pia wanaosema kwamba neno hilo lilikaa vizuri kwa sababu ya maana yake nyingine, lile lango la ngome: kitu kimeshushwa, mlango wa mwanga umefungwa.

Kwa hiyo nilipomwambia koko "maporomoko ya maji", nilikuwa nimetafsiri sawasawa mawazo ya miaka elfu moja iliyopita. Na koko alipojibu "nilijua, ni maji", alikuwa anakubaliana na Galen bila kumsoma.

3. Kila lugha imeona kitu chake

Lugha nyingine nazo zimebaki na alama ya mawazo hayo. Kiarabu cha leo kinaita ugonjwa huu maji meupe. Kiajemi kinasema maji ya lulu. Ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda, hapa Masisi na ng'ambo ya mpaka, wanauita ishaza, neno lile lile la punje moja ya amashaza tunayopika. Wao hawakuona maji, waliona punje ya mviringo imekaa katikati ya jicho. Tutaona baadaye kwamba walikaribia ukweli kuliko Wagiriki.

Kiswahili cha vitabu na cha redio kinasema mtoto wa jicho. Kiswahili kinapenda kuita "mtoto" kitu kidogo kinachokaa ndani ya kikubwa: droo ya meza ilikuwa inaitwa mtoto wa meza. Lakini mtu asiyejua anasikia nini? Anasikia kwamba ndani ya jicho kumezaliwa kitu, kinakula, kinakua. Wengine wanadhani ni nyama inayoota juu ya jicho, na wanatafuta mtu wa kuikwangua au dawa ya kuiunguza.

Jina hili linachanganya pia na lingine. Mu biolojia tulijifunza la pupille, ambayo kwa Kiswahili ni mboni. Pupille inatoka kwenye Kilatini pupilla, kisichana kidogo au mwanasesere. Mtazame mwenzako machoni kwa karibu: ndani ya mboni yake utajiona wewe mwenyewe, umekuwa kadogo kama mwanasesere. Ni neno lile lile ambalo Kifaransa cha sheria kinatumia kwa mtoto yatima aliye chini ya mlezi. Na mboni yetu je? Hiyo ni ya Kibantu, ndugu ya kitenzi kuona. Kiswahili kilipoteza ile b ya zamani kwenye kitenzi, sisi tunasema kuona, lakini Kinyarwanda bado kinasema kubona. Mu neno mboni, b ile imebaki salama. Mboni ni ya kuona, ni jina lililo wazi kabisa.

Kwa hiyo tukumbuke: pupille, mboni, ni sehemu ya jicho la kila mtu mzima wa afya. Cataracte, mtoto wa jicho, ni ugonjwa. Mtu akichanganya hayo mawili mbele ya mgonjwa, atamtisha bure.

4. Mwanajeshi aliyekufa Tournai

Mawazo ya maji yalidumu hadi watu walipoanza kuuliza upya jicho linafanyaje kazi. Mwaka 1604 Johannes Kepler, yule Mjerumani wa nyota na sayari, alieleza kwamba lenzi haioni chochote. Kazi yake ni kupinda mwanga, ili picha iandikwe nyuma ya jicho, kwenye utando unaoitwa retina. Kama simu yako: kioo cha kamera hakihifadhi picha, kinapitisha mwanga tu.

Ikiwa lenzi haioni, basi inaweza kuharibika bila mtu kupoteza kabisa uwezo wa kuona. Mlango ukafunguka. Mwaka 1705, huko Tournai ambako leo ni Ubelgiji, munganga Pierre Brisseau alipata maiti ya mwanajeshi aliyekuwa na cataracte. Akaisukuma kwa sindano jinsi mafundi walivyofanya kwa walio hai, kisha akapasua jicho kuangalia kitu gani kimeshuka. Hakukuta maji. Hakukuta pazia. Alikuta lenzi yenyewe, imekuwa nzito na imepoteza mwangaza wake.

Wasomi wa Akademi ya Sayansi ya Paris hawakumkubali mara moja. Mwenzake Antoine Maître-Jan akatoa kitabu mwaka 1707 akisema jambo lile lile, na muda si mrefu ushahidi ukawa mwingi mno. Mawazo ya maji yakafa. Lakini jina halikubadilishwa. Ni kama barabara inayoitwa kwa jina la mkoloni aliyeondoka zamani: wote tunalitaja, hakuna anayemfikiria. Sayansi ilisonga mbele, neno likabaki nyuma, na karne tatu baadaye likanikuta mimi na koko kwenye foleni.

5. Basi ni nini?

Lenzi ya jicho iko nyuma kidogo ya mboni. Ina upana wa karibu milimita 9 hadi 10 na unene wa karibu milimita 4, imetuna pande zote mbili. Umbo hilo njo lilimpa jina: lens kwa Kilatini ni dengu, ile punje ya kunde iliyo bapa. Waarabu nao wanaita lenzi kwa jina la dengu, adasa, na Kiswahili cha pwani kinaita punje hizo adesi. Sasa mnaelewa kwa nini nilisema wenye kusema ishaza walikaribia ukweli: kitu kinachougua ndani ya jicho kina umbo la punje kweli.

Lenzi haina mishipa ya damu. Imejengwa kwa maji na protini zilizopangwa vizuri sana, kiasi kwamba mwanga unapita bila kizuizi. Miaka ikienda, protini hizo zinaharibika na kushikana. Fikiria ute wa yai. Yai bichi, ute wake ni maangavu, unaona kidole chako upande wa pili. Liweke kwenye moto: ute unakuwa mweupe. Hakuna kitu kilichoingia ndani ya yai. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilichozaliwa. Ni ute ule ule, umebadilika. Cataracte iko hivyo. Na kama vile hakuna dawa ya kurudisha yai la kupikwa kuwa bichi, hakuna dawa ya matone wala majani inayorudisha lenzi iliyogeuka nyeupe. Inatolewa, inawekwa nyingine. Basi.

Sababu kubwa ni uzee. Lakini kuna nyingine: pigo kwenye jicho, ugonjwa wa sukari, kutumia muda mrefu dawa za aina ya kortizoni, tumbako, jua kali la miaka mingi. Watoto wengine wanazaliwa nayo. Ukiona mboni ya mtoto mchanga ni nyeupe, au kwenye picha za simu jicho moja linatoka jeupe kila mara, usingoje hata mwezi, mpeleke. Inaweza kuwa cataracte, inaweza kuwa kansa ya jicho, na kwa mtoto kila wiki ina bei yake.

Dalili kwa mtu mzima zinajulikana: anaona ukungu au moshi, taa za gari usiku zinamtawanyikia, rangi zinafifia, hakuna maumivu. Kuna dalili moja inayodanganya: wazee wengine, mwanzoni, wanaanza kusoma Biblia bila miwani, na familia inafurahi. Ni lenzi inayobadilika na kupinda mwanga zaidi. Furaha hiyo haidumu.

Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, linahesabu watu wapatao milioni 94 duniani wenye shida ya kuona au upofu kwa sababu ya cataracte. Ni upofu ambao mara nyingi unaweza kuondolewa kwa siku moja.

6. "Imeiva": neno la pili lililotudanganya

Kwenye karatasi ya koko kulikuwa na neno la pili, mûre, lenye kuiva. Nalo ni la zamani. Waganga walioamini maji walikuwa wanangoja maji yagande vizuri kabla ya kuyasukuma. Baadaye, hata walipojua ni lenzi, ilikuwa rahisi zaidi kutoa lenzi iliyokwisha kuwa ngumu. Mfaransa Jacques Daviel njo aliyefungua njia ya kuitoa kabisa, mwaka 1747: sindano ilishindwa kusukuma, akakata jicho mbele na kuivuta nje. Wagonjwa waliotolewa lenzi waliona, lakini kwa miwani minene kama chini ya chupa.

Hatua kubwa iliyofuata ni ya mwaka 1949. Harold Ridley, munganga wa London, alikuwa ametibu marubani wa vita ambao vipande vya dirisha la ndege viliingia machoni mwao. Aligundua kwamba plastiki ile haichokozi jicho, inakaa humo kimya. Akajiuliza: kwa nini tusitengeneze lenzi kwa plastiki hiyo? Akaiweka ndani ya jicho la mgonjwa. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo ni matibabu ya kawaida dunia nzima. Mahospitali ya India na Nepal yakaonyesha kwamba kazi hii inaweza kufanywa vizuri bila mashine ya bei kubwa: tundu dogo lisilohitaji kushonwa, lenzi ya bei nafuu, dakika 10 hadi 20 kwa fundi mzoefu.

Kwa hiyo leo hakuna haja ya kungoja "iive". Unapasuliwa pale ambapo kutoona kunakuzuia kufanya kazi zako. Kungoja sana kuna hatari: lenzi iliyopita kiasi inaweza kuvimba au kuvuja, ikapandisha presha ndani ya jicho. Presha hiyo inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukifa haufufuki. Hapo hata lenzi mpya haisaidii. Glakoma, ile wengi wanaita presha ya macho, inafanya hivyo hivyo hata bila cataracte. Njo maana si kila asiyeona ana mtoto wa jicho, na si kila mmoja anaweza kungoja.

7. Koko

Tuliporudi nyumbani siku ile, koko alianza kutafutiwa dawa ya kukausha maji. Walimwekea majani. Walimwekea vitu ambavyo sitaki kuvitaja. Mimi nilikuwa chuoni, nikipiga simu: "Koko, bado?" "Bado, mjukuu. Tunangoja ianguke."

Mwaka wa pili, usiku mmoja, jicho la kulia likawa jekundu, likamuuma hadi kichwa, akatapika. Barabara siku hizo haikupitika. Mnajua barabara zetu na mnajua usalama wetu, siwaelezi. Na ndugu wa Walikale, wenye teritwari inayokaribia ukubwa wa nchi nzima ya Rwanda, wanajua zaidi. Alipofika kwa munganga, siku kadhaa zilikuwa zimepita. Jicho la kulia lilikuwa halitambui tena hata mwanga wa taa.

Safari hii tulipokelewa na mwuguzi, mama mmoja mwenye subira. Hakusema cataracte. Hakusema hata mtoto wa jicho. Aliuliza: "Mama, umeshapika mayai?" Koko akacheka. Akamweleza ute wa yai. Akamwambia: "Hatutoi jicho nje. Tunatoa ute ulioiva na kuweka kioo kidogo. Utakuwa macho, tutaliganzisha jicho tu, utasikia sisi tunaongea." Koko akauliza maswali mawili, akakubali. Maelezo yote hayakufika dakika tano.

Kesho yake walimfungua bandeji ya jicho la kushoto. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Akanitazama muda mrefu, akasema: "Mbona hukuniambia kama umeota ndevu?"

Tulicheka wote. Kisha akagusa jicho la kulia, akauliza: "Na hili?" Hakuna mtu aliyejibu haraka.

Baadaye nilimweleza ukweli, kwamba neno lile nililisoma vibaya. Alisema: "Ulisoma vile walivyokufundisha." Kisha akaongeza: "Sasa fundisha wengine vizuri."

Njo ninafanya leo.

8. Wewe uliyesoma, watakuuliza

Ndugu zangu, mu familia zetu nyingi sisi njo wakalimani. Karatasi ya hospitali, ya mahakama, ya shamba, zote zinaletwa kwetu, na zote ziko kwa Kifaransa. Mzee hakuulizi kama umesomea uganga au uchumi. Anasema: "Wewe umesoma, wameandika nini?" Na sisi tunaona haya kusema "sijui", tunatafsiri neno jinsi lilivyo. Lakini maneno ya sayansi mara nyingi yamebeba makosa ya watu waliokufa zamani. Ukitafsiri neno bila kujua kitu chenyewe, unampa mgonjwa kosa la zamani kama ushauri wa leo.

Kwa hiyo, kwa hili moja la macho, nawaomba mambo matatu.

La kwanza: ukiletewa karatasi yenye neno usilolijua, rudi ndani ukamwulize munganga au mwuguzi: "Ni kitu gani hiki, na tukingoja kitatokea nini?" Foleni itanung'unika, iache inung'unike. Swali la pili njo mimi sikuuliza.

La pili: tafuta namna ya kueleza kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kitembo, kwa Kinyarwanda, kwa lugha yoyote ya nyumbani kwenu. Yai linafahamika kila jikoni. Sema hivi: ndani ya jicho kuna kioo kidogo, kimegeuka cheupe kama ute wa yai uliopikwa, majani hayawezi kukisafisha, waganga wanakibadilisha.

La tatu: ukifika nyumbani wiki hii, keti karibu na mzee wenu mwangani, mtazame mboni. Mwambie afunike jicho moja, kisha lingine, akuhesabie vidole. Ikiwa mboni ni ya kijivu au nyeupe, au jicho moja halioni, msianze na majani. Anzeni kutafuta njia ya kumfikisha kwa munganga wa macho, kabla jicho halijaanza kuuma.

Koko bado anachagua maharagi yake mwenyewe, kwa jicho moja. Mabovu anayaweka pembeni, haachi hata moja lipite.